Vita vya Bawaba ya Chini

Sogeeni karibu, enyi mliosimama. Na nyinyi mliokwisha kupata pa kukaa msijisahau, maana habari hii ni habari ya kukaa. Zimesimuliwa sana habari za wafalme waliovuka majangwa na za majemadari waliobomoa kuta kwa mabega. Hii haijasimuliwa, labda kwa sababu hakuna aliyekufa ndani yake. Ni habari ya Nguzo, mngoja mlango wa Baraza la Waungwana, mwana wa mngoja mlango, mjukuu wa mngoja mlango, mshika komeo la shaba, mwenye magoti mawili yaliyotangulia kuzeeka kuliko mwenyewe. Na ya asubuhi ile alipoingia vitani peke yake, bila ngao wala jeshi, mkononi ana chupa ya dawa ya kuchua.

Baraza hilo lilikuwa na waungwana arobaini na mmoja, wala hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na mtu. Kiti kilitoka kwa baba kikaenda kwa mwana, au kwa binti ikiwa wana wamekwisha, pamoja na fimbo na mto wa kukalia. Nao waligawanyika pande mbili, Wa Dirishani na Wa Ukutani. Ukiwauliza tofauti yao ni nini watakutolea hotuba ya siku mbili juu ya heshima na asili na mustakabali wa nchi. Lakini jikoni wanasema kwamba hapo kale babu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe kwa sababu ya joto, babu mwenzake akataka lifungwe kwa sababu ya mafua, na tangu siku hiyo wajukuu zao hawajapatana hata juu ya tarehe. Mwaka huo Wa Dirishani walikuwa ishirini na mmoja, Wa Ukutani ishirini. Kwa hesabu hiyo ungedhani Wa Dirishani wangepitisha watakalo. Ungedhani hivyo kama usingeujua mlango.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wa mti mzito, wa ubao mmoja, wenye bawaba tatu za chuma, nao ulilia. Haukulia kama milango mingine inavyolalamika kidogo ikanyamaza. Ulianza chini kwa mkoromo wa mtu aliyekabwa, ukapanda, ukanyooka, ukamalizia kwa ukelele uliofanya vikombe vigongane jikoni. Na katika Baraza hilo palikuwa na Kanuni ya Ukimya, iliyoandikwa na mababu kwa wino mwekundu: hotuba ya muungwana ikikatizwa na sauti yoyote isiyotoka kinywani mwa muungwana mwenzake wala kwenye fimbo yake, hotuba hiyo imekufa, na msemaji ataianza upya kuanzia salamu. Waungwana wenyewe waliweza kuzomeana, kukohoa, kuitana mbuzi. Hayo yalihesabiwa mjadala. Lakini mlango haukuwa muungwana. Mlango ukilia, hotuba imekwenda. Na salamu peke yake zilikuwa na majina ya heshima arobaini na moja.

Basi upande ulioshindwa kwa kura ulishinda kwa mlango. Ulimtuma mtu wake nje, akatoka, mlango ukalia. Akangoja hotuba ikolee, akarudi, mlango ukalia. Ndiyo maana hakuna aliyetaka utiwe mafuta. Mafuta yenyewe yalikuwapo, chupa nzima, ndani ya kisanduku cha kioo kilichotundikwa ukutani, chenye kufuli mbili: ufunguo mmoja wanao Wa Dirishani, wa pili wanao Wa Ukutani, na sheria ikasema mlango hautatiwa mafuta ila kwa yale ya kisandukuni, funguo zote mbili zikiwapo. Miaka thelathini kisanduku hakikufunguliwa. Kila upande ulijua kwamba leo tuko wengi, kesho huenda tukawa wachache.

Sasa mtazameni Nguzo. Miaka ishirini na miwili alisimama nje ya mlango ule, ushorobani, kwenye sakafu ya mawe, tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kuondoka. Kukaa ni mwiko. Kuegemea ni mwiko. Msimamizi wa watumishi, mtu mwembamba mwenye daftari kwapani, alikwisha kumwandika mara mbili kwa kuegemea ukuta, na mara ya pili alimwambia wazi, kwa sauti ya mtu anayetaja saa:

"Nguzo, ya tatu hatuandikiani. Ya tatu unakabidhi komeo, na vile vyumba viwili nyuma ya jiko mnavihama mwisho wa juma. Mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi unao wewe na ukuta."

Mkewe alikuwa mpishi wa jiko hilo hilo la Baraza, mwanamke wa maneno machache yenye chumvi, na ndiye aliyemchua magoti kila jioni.

"Baba watoto," alimwambia, "haya magoti yanalia kuliko ule mlango wako."

"Mlango haulipwi mshahara, mama watoto. Una haki ya kulia."

"Na wewe una haki gani?"

Haki ya Nguzo ilikuwa imo Barazani, inajadiliwa. Miaka miwili kabla yake, Wa Ukutani walijipitishia mito mipya ya kukalia, na Wa Dirishani, wakitafuta cha kuwajibu, wakaleta Hoja ya Kigoda: kwamba mngoja mlango apewe kigoda, akae wakati mlango umefungwa. Mwenye hoja alikuwa Bibi Mkubwa wa Dirishani, ajuza wa miaka themanini mwenye sauti nyembamba isiyokatika. Wengine walisema hajali magoti ya mtu, anataka tu kuwaudhi Wa Ukutani. Lakini ni yeye peke yake aliyekuwa akipita mlangoni na kusema, "Pole na kusimama," na Nguzo aliliweka neno hilo moyoni kama mtu anavyoweka hati ya shamba.

Hoja hiyo ilikwisha kuanzwa mara kumi na saba. Mara kumi na saba ilikufa kwa kilio cha mlango. Na aliyeufungua mlango mara zote hizo alikuwa Nguzo mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kiapo chake, kwa kuwa muungwana akigonga kwa fimbo, mngoja mlango hufungua. Jamani, kuna mashujaa waliosalitiwa na ndugu. Huyu alijisaliti mwenyewe mara kumi na saba, na kila mara akainama kwa adabu.

Ikafika siku ya mwisho ya kikao. Saa sita mchana Mshika Kengele, mwenyekiti wa Baraza, angepiga kengele ya kufunga, na hoja yoyote isiyomalizwa ingelala miaka mitano. Nguzo aliyapima magoti yake asubuhi akishuka kitandani na akajua kwamba hayana miaka mitano. Hayakuwa na hata mwezi. Mkewe alimtia mfukoni chupa ya dawa, mafuta ya mikaratusi na kafuri, imejaa mpaka shingoni.

"Hii ni ya wiki mbili," alisema. "Ukipata nafasi, jipake. Usiipake kwa ubahili, lakini usiimalize."

Saa tano na robo Bibi Mkubwa alisimama. Nguzo alimsikia kupitia ubao akianza zile salamu, jina kwa jina, bila haraka. Alipofika jina la thelathini na nane, fimbo iligonga kutoka ndani. Alikuwa Bwana Kibofu.

Jina lake halisi lilikuwa refu kuliko mkeka, lakini jikoni aliitwa Bwana Kibofu, naye alikuwa jemadari mkuu wa Wa Ukutani katika vita vya mlango. Hakuwahi kutoa hotuba maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kwenda haja. Alitoka kwa kishindo cha mtu aliyebanwa na akarudi kwa utulivu wa mtu aliyeshinda, na upande wake ukamheshimu kuliko wasemaji wake wote.

Nguzo akafungua. Mlango ukalia, vikombe vikagongana, na huko ndani sauti nyembamba ikanyamaza, ikameza mate, ikaanza tena kutoka salamu.

"Naona leo umesimama vizuri," Bwana Kibofu alimwambia akipita.

"Nashukuru, mheshimiwa."

"Endelea hivyo hivyo. Nitarudi akifika patamu."

Akaenda zake ushorobani kuelekea msalani, polepole, fimbo ikigonga mawe. Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo jambo lilipomjia Nguzo. Halikumjia kama radi. Lilimjia kupitia puani, kwa kuwa kizibo cha chupa kilikuwa kimelegea mfukoni na harufu ya mikaratusi ikapanda. Akafikiri: mafuta ya kisanduku ni ya kisanduku. Haya ni ya magoti. Sheria imetaja mafuta ya mlango, haikutaja dawa ya mgonjwa. Na mgonjwa ni nani hapa, kama si yule anayelia zaidi?

Akaitoa chupa. Mlango ulifunguka kwa nje, hivyo bawaba zake zote tatu zilikuwa upande wa ushoroba, zimejipanga toka juu hadi chini kama walinzi watatu wa ngome.

Bawaba ya juu ilikuwa juu ya kichwa chake, nyeusi, kongwe, yenye utando wa buibui kama ndevu. Nguzo aliinyooshea mkono, bega likalalamika, akalinyamazisha, akamwaga. Na yule mlinzi wa kwanza akanywa akalewa bila kupigana. Bawaba ya kati ilikuwa kifuani pake, akaitazama uso kwa uso kama wanaume wanavyotazamana, akaipa haki yake, nayo ikasalimu amri. Chupa ilikuwa imebaki nusu. Lakini Nguzo alikuwa ameishi na mlango ule miaka ishirini na miwili, aliujua kama mtu anavyoujua mkoromo wa mkewe, na alijua kwamba zile mbili zilikuwa waitikiaji tu. Kilio kilitoka chini. Bawaba ya chini ilikaa shubiri moja juu ya sakafu, imevimba kwa kutu, ndiyo mfalme wao, na kuifikia ilibidi mtu apige magoti.

Miaka minne Nguzo hakupiga magoti. Alikuwa amekwisha kumwambia Mungu kwamba ataomba akiwa amesimama.

Alishuka. Jinsi alivyoshuka haiandikiki kwa mpangilio mzuri: kwanza goti la kulia likakataa, kisha la kushoto likakubali kwa niaba ya mwenzake, kisha yote mawili yakagusa jiwe na mtu mzima akaona nyota katikati ya mchana. Hakutoa sauti, maana sauti yake nayo haikuwa ya muungwana, ingeiua hotuba. Akauma ukosi wa shati. Ndani Bibi Mkubwa alikwisha kumaliza salamu na sasa alikuwa kwenye "kwa kuwa" ya kwanza. Hoja ilikuwa na kwa kuwa sita.

Akamwaga. Kutu ikanywa. Akamwaga tena, ikanywa tena, kama ardhi iliyosahauliwa na mvua. Alibakiwa na vidole viwili vya mafuta ndani ya chupa, na magoti yanawaka moto, na wiki mbili za kuchuliwa zinaishia kwenye chuma. Alisita kidogo tu, msimdharau kwa hilo. Kisha akamwaga yote.

Na hapo akaviona viatu. Vyeusi, vimeng'arishwa, vimesimama hatua moja kutoka kwake. Juu ya viatu, suruali. Juu ya suruali, daftari.

"Nguzo," alisema Msimamizi kwa mnong'ono. "Unafanya nini huko chini?"

Nguzo akaifumbata chupa, naye akanong'ona. "Nimepiga magoti, bwana."

"Mbele ya nini?"

"Mbele ya Baraza."

Msimamizi akafungua daftari, akapekua kanuni za watumishi kwa kidole. Kukaa, mwiko. Kuegemea, mwiko. Kulala, kula, kupiga miluzi, mwiko. Kupiga magoti hakukutajwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtumishi angejitolea.

"Harufu gani hii?"

"Magoti yangu, bwana. Nimepewa dawa."

Msimamizi alinusa, akaridhika, hakuondoka. Macho yake yakatoka kwa Nguzo yakaenda ukutani, yakarudi kwa Nguzo, na taratibu yakapata mwanga.

"Haya," alisema. "Inuka basi. Mimi nakutazama tu. Inuka bila kushika ukuta."

Akatoa kalamu.

Huo ndio uliokuwa mtego wa mauti. Kushuka kulikuwa kwa hiari, kuinuka kulitaka ukuta, na kuugusa ukuta kwa kiganja ni kuegemea, na kuegemea kwa mara ya tatu ni vyumba viwili nyuma ya jiko, sufuria za mkewe barabarani, na komeo la babu yake mikononi mwa mtu mwingine. Nguzo alijaribu goti la kushoto. Halikujibu. Akajaribu la kulia, likajibu kwa matusi. Ndani, Bibi Mkubwa alikuwa kwenye kwa kuwa ya nne. Na kutoka mwisho wa ushoroba ikasikika fimbo ikigonga mawe, ngo, ngo, ngo, polepole, ya mtu aliyeshinda.

Bwana Kibofu akafika. Akamtazama mngoja mlango aliyekuwa chini, akamtazama Msimamizi na kalamu yake, akatega sikio ubaoni. Kwa kuwa ya tano. Uso wake ukabadilika.

"Mbona amefika mbali hivyo? Fungua."

"Niko chini, mheshimiwa."

"Naona uko chini. Inuka ufungue, anamaliza yule."

"Mheshimiwa," Msimamizi alisema, "namsubiri ainuke bila kushika ukuta, ni suala la nidhamu ya watumi..."

"Nidhamu utaifanya alasiri. Wewe, shika hii." Na yule jemadari wa Wa Ukutani, adui wa Hoja ya Kigoda, muuaji wake wa mara kumi na nane, akamnyooshea Nguzo fimbo yake ya urithi yenye kichwa cha fedha. "Shika, mtu wewe, unanichelewesha."

Nguzo akaishika. Bwana Kibofu akavuta kwa nguvu zake zote, kwa ajili ya chama chake, na Nguzo akapanda kutoka sakafuni kama ndoo kutoka kisimani, mpaka akasimama wima, bila kugusa ukuta hata kwa kucha. Kalamu ya Msimamizi ilibaki hewani.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema Nguzo, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alimaanisha.

Akashika komeo la shaba. Moyo wake ulikuwa unagonga kuliko fimbo, kwa kuwa hakujua kama mfalme wa chini alikuwa amelewa au amejifanya. Akavuta.

Mlango ukafunguka. Ulipita hewani kama kanga juu ya kamba. Vikombe jikoni havikusema kitu.

Bwana Kibofu aliingia kifua mbele, akasimama, akangoja. Bibi Mkubwa aliendelea: "Kwa kuwa, sita, heshima ya mlango ni heshima ya aliye mbele yake..." Bwana Kibofu akageuka, akatoka. Kimya. Akaingia tena. Kimya. Akaushika mlango kwa mikono yake miwili ya kiungwana akautikisa mbele na nyuma kama mtu anayemwamsha mgonjwa, nao ukakubali kila alipoutuma, kwa upole wa kutisha. Wa Ukutani wakakohoa wote kwa pamoja, lakini walikuwa waungwana, na kikohozi chao kilikuwa mjadala. Hatimaye akapiga kelele, "Huu mlango una nini?", na karani akaandika kwamba Mheshimiwa ametoa hotuba yake ya kwanza.

Saa sita kasoro dakika nne Bibi Mkubwa akasema, "Naomba kutoa hoja." Yeye mwenyewe alishangaa kuyasikia maneno hayo, hakuwahi kuyafikia. Mikono ikapanda, ishirini na mmoja kwa ishirini, na kigoda kikawa sheria ya nchi.

Wa Ukutani hawakukubali kulala na aibu. Kiongozi wao akasimama.

"Mheshimiwa Mshika Kengele," alisema, "mababu zetu walituachia mlango wenye sauti. Leo sauti hiyo imenyamazishwa na mkono uliojificha. Leo ni bawaba, kesho ni sisi. Naomba kisanduku kiletwe."

Kikaletwa. Kufuli zote mbili zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Chupa ya mafuta ilikuwa imejaa mpaka kwenye mstari. Ikanuswa hewa ya ukumbi, ikanukia mikaratusi na kafuri, lakini hilo halikumsaidia mtu, kwa kuwa nusu ya waungwana hao walikuwa na magoti pia, na kila benchi lilinukia hivyo hivyo tangu asubuhi. Ndipo akaitwa Nguzo, akasimama katikati ya ukumbi alimokuwa hajawahi kukanyaga.

"Mngoja mlango," Mshika Kengele alimwuliza, "wewe uliye karibu zaidi. Asubuhi hii, mlangoni, umesikia nini?"

"Tangu Mheshimiwa arudi kutoka haja," alisema Nguzo, "sijasikia kitu."

Bibi Mkubwa akatazama dirisha. Bega lake lilikuwa linatikisika kidogo.

Baraza likaamua kwamba mlango haukutiwa mafuta, na kwamba kwa hiyo umenyamaza wenyewe kwa kuiheshimu hoja. Ukaundiwa kamati ya kuichunguza tabia yake mpya, wajumbe sawa kwa sawa, na kengele ikapigwa.

Kigoda cha sheria hakikuwapo bado, kwa hiyo mkewe alileta kile anachomenyea viazi, akakiweka ushorobani kando ya mlango uliofungwa, akakipangusa kwa aproni. Msimamizi alikitazama, akatazama daftari, akaenda kutafuta mwingine wa kumwandika.

"Haya, baba watoto."

Nguzo akakaa. Alikaa polepole, kama mtu anayeingia maji asiyoyajua, kisha akayaachia magoti yake yanyooke mbele yake.

"Lete chupa nikupake," alisema mkewe.

"Imekwisha."

"Yote? Dawa ya wiki mbili, kwa asubuhi moja?"

"Lilikuwapo na goti la tatu."

Mkewe akanusa. Akautazama mlango, toka bawaba ya juu mpaka ya chini, na pale chini akaona tone linalong'aa likidondoka polepole. Akainama, akalifuta kwa pembe ya aproni, akarudi jikoni bila kuuliza.

Katika kitabu kikuu cha Baraza, chini ya vita na mikataba na vifo vya waungwana, karani aliandika siku hiyo mstari mmoja: Mngoja mlango aliketi. Naam, na uandikwe hivyo popote. Maana wino ulikuwa haujakauka, fimbo ikagonga kutoka ndani, waungwana walipokuwa bado wakiagana: Bwana Kibofu, na safari hii alikuwa amebanwa kweli. Nguzo akasimama. Akafungua, kimya. Yule akapita mbio. Nguzo akafunga, kimya. Akageuka, akakitafuta kigoda kwa mkono nyuma yake, akakipata pale pale alipokiacha, akakaa tena.